Jiwe la Gramu Moja

Kila siku baada ya shule, Daksha alipitia kwanza karakana ya baba yake, Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, kabla hata ya kwenda kula. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba yake, Mzee Mansukhlal, alikuwa fundi wa mizani. Miaka ile serikali ilikuwa imeagiza ratili ziachwe na kilo zitumike nchi nzima, kwa hiyo kazi ilikuwa nyingi. Wenye maduka ya nafaka, wauza samaki wa Feri, hata makarani wa bandarini, wote walimtafuta yeye.

Kazi ya Daksha ilikuwa kusafisha mawe ya mizani kwa kitambaa na majivu laini. Karakana ilikuwa na masanduku mawili. Katika sanduku jeupe yaliwekwa mawe yaliyosafishwa tu, ambayo muhuri wake wa mwaka ule ulikuwa bado halali. Hayo yalirudishwa kwa wenyewe moja kwa moja. Katika sanduku jekundu liliwekwa kila jiwe lililoguswa na tupa, chuma cha kukwarulia, hata kidogo. Hayo yalipelekwa kwanza ofisi ya mizani na vipimo, yakapimwa upya na kupigwa muhuri mpya. Hiyo ilikuwa kanuni ya serikali, na fundi aliyeivunja angeweza kunyang'anywa leseni.

Jumatatu moja Mzee Mansukhlal aliitwa bandarini kutengeneza mizani ya magunia. Alimwachia Daksha mawe madogo ya shaba ya Bwana Tarsis, mwenye duka la dawa mtaa wa pili. Alimwambia ayasafishe kwa vidole, taratibu. Lakini nje alikuwa akisubiriwa na Josepha, rafiki yake wa darasa la sita, ili wakacheze rede. Daksha akaona vidole vinamchelewesha. Akalibana jiwe la gramu moja kwenye jiliwa, kile chuma cha mezani cha kubania vitu, apate kulisugua kwa mikono miwili.

Meno ya jiliwa yaliliuma jiwe ukingoni. Daksha alichukua tupa akalainisha ile alama. Kisha akalainisha na upande wa pili, ili pande zilingane. Alipomaliza, jiwe lilikuwa linang'aa, na muhuri chini yake ulikuwa bado upo. Alisimama kidogo mbele ya masanduku mawili. Akaliweka kwenye sanduku jeupe, akatoka kucheza.

Wiki moja ilipita, naye alikuwa amekwisha kusahau. Ndipo Josepha akamwomba amsindikize dukani kwa Bwana Tarsis. Mdogo wake, Eliasi, mtoto wa miaka minne, alikuwa na homa ya kifua, na mama yao alisema dawa haimshiki. Wasichana wakasimama mbele ya meza. Bwana Tarsis akalichukua jiwe la gramu moja kwa koleo ndogo, akaliweka upande mmoja wa mizani, na upande wa pili akamimina dawa ya unga kidogo kidogo mpaka mizani ikatulia. Akaifunga dawa ile katika vikaratasi. Daksha aliuona ule ukingo aliousugua ukimeta kwenye mwanga wa taa. Alitaka kusema. Josepha akapokea vikaratasi, akashukuru, wakatoka.

Tangu siku ile, kila kitu alichoshika Daksha kilikuwa chepesi mno. Kijiko cha sukari kilikuwa chepesi. Chaki ilikuwa nyepesi. Alianza kupita upande mwingine wa barabara ili asilikaribie duka la dawa, lakini macho yake yaliwafuata wote waliotoka na vikaratasi mkononi. Alizikariri sura zao. Alasiri moja watu wachache walipita Mtaa wa Mchikichi wamebeba jeneza fupi. Daksha aliwafuata hadi kona, akamwuliza mwanamke mmoja mtoto alikuwa anaumwa nini. Mwanamke alijibu ni surua. Dawa yake ilinunuliwa wapi, Daksha hakuthubutu kuuliza. Alirudi karakana.

Siku ya Jumatano Josepha hakuja shule. Alhamisi hakuja. Ijumaa mwalimu aliwaambia kwamba mdogo wake amelazwa hospitali. Daksha alilitazama dawati tupu mpaka kengele ilipolia, kisha akakimbia moja kwa moja karakana.

Mama yake, Bi Shobhana, alikuwa amemletea mzee chakula. Daksha akasimama mbele yao wote wawili, akaeleza: jiliwa, tupa, sanduku jeupe, Eliasi. Hakuacha neno.

Mzee Mansukhlal aliweka kisahani chake chini. Akauliza jambo moja tu: ni siku gani. Akazihesabu siku kwa vidole. Zilikuwa kumi na tisa.

Bi Shobhana alisema kwa sauti ya chini kwamba kuna jiwe jingine la gramu moja, zima kabisa, kabatini. Lipelekwe sasa hivi, wabadilishane na Bwana Tarsis, mambo yaishe. Leseni ikienda, watakula nini?

"Nikibadilisha jiwe, watu watakaokwenda kesho watapona," mzee alisema. "Na waliokwisha kunywa? Wale nitawaambiaje?"

Akavua aproni, akafunga milango ya karakana mchana kweupe, jambo ambalo majirani hawakuwahi kuliona. Alimshika Daksha mkono. Walikwenda kwanza kwa Bwana Tarsis, wakamwomba asipime tena kitu chochote. Kisha wote watatu wakaenda na lile jiwe ofisi ya mizani na vipimo.

Mkaguzi aliyewapokea alikuwa Bwana Bakili, mtu mzito wa maneno. Daksha alimwamkia shikamoo. Bwana Bakili alifungua kisanduku chenye mawe ya serikali, yale ambayo mawe mengine yote hupimwa kwayo. Akaweka la serikali upande mmoja, na la Bwana Tarsis upande wa pili. Upande wa pili ukapanda juu, ukabaki juu. Bwana Bakili aliongeza vijipande vya uzito kimoja kimoja mpaka pande zikalingana, kisha akaandika. Jiwe lilikuwa limepungua karibu sehemu moja katika tano. Kila aliyepimiwa dawa kwa jiwe lile alikuwa amepewa pungufu.

Jiwe likachukuliwa. Leseni ya Mzee Mansukhlal ilishikiliwa, akazuiwa kufanya kazi kwa mwezi mzima, naye akatia sahihi bila kulalamika. Bwana Tarsis akaagizwa kumtafuta kila mtu aliyeandikwa katika daftari lake la wagonjwa tangu siku ile. Walikuwa thelathini na mmoja. Jioni hiyo hiyo Bwana Tarsis alikwenda hospitali kumweleza daktari wa Eliasi. Daktari alimwanzishia mtoto dawa upya, kwa kipimo kamili.

Kwa wiki nzima Daksha na baba yake walizunguka na orodha aliyowapa Bwana Tarsis, Kariakoo, Gerezani, mpaka Magomeni. Waliingia nyumba moja hadi nyingine, na kila mlangoni Daksha ndiye aliyeeleza kosa, kwa maana baba yake alitaka iwe hivyo. Wengine waliwapa viti. Wengine waliwafungia mlango. Eliasi alipata nafuu polepole, akatoka hospitali. Josepha alirudi shule, lakini alikaa dawati jingine kwa muda mrefu kabla ya kurudi kukaa karibu na Daksha.

Watu thelathini walipatikana, na wote walikuwa hai. Aliyebaki aliandikwa katika daftari kwa jina moja tu, Evarista, mama mzee, bila mtaa wala nyumba. Hawakumpata.

Mwezi ulipokwisha, Bwana Bakili alikuja mwenyewe karakana kurudisha leseni. Aliketi, akanywa chai. Aliwaeleza jinsi kanuni ile ya tupa ilivyotungwa. Malalamiko ya mawe yaliyopunguzwa uzito yalifika ofisini kutoka masokoni, wakaguzi wakatumwa kuyachunguza, kisha mafundi wakaitwa watoe maoni yao. Mzee Mansukhlal alikiri kwamba siku ile yeye mwenyewe alisimama akasema kanuni hiyo itawapotezea mafundi muda. Baada ya hapo ikatangazwa, watu wakapewa miezi ya kujiandaa, ndipo ukaguzi ukaanza.

Daksha alimwuliza swali alilokuwa nalo mwezi mzima. Je, yule mama Evarista alipona?

"Sijui, mwanangu," Bwana Bakili alisema. "Na sitakudanganya ili ulale vizuri. Umesema kweli, na kwa kusema kwako watu thelathini wamefikiwa. Mmoja hatukumfikia. Kanuni inatutaka tupime jiwe kabla halijatoka mlangoni, kwa sababu likishatoka hatujui litamfikia nani."