Marshall ya Mzee Evert

"Shangazi anauza amplifaya. Kainunue kabla ya saa tano."

"Ya aina gani?"

"Marshall, wati hamsini. Imetumika. Tangazo liko gazetini, ukurasa wa kumi na nne."

Simu ikakatika.

Majken Rosvall alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Kumi na miwili ya mwisho aliitumia Kitengo cha Nane, idara ambayo huikuti katika kitabu chochote cha simu cha Malmö. Kabla ya hapo alipiga gitaa la besi kwenye bendi ya dansi. Ndiyo maana mkuu wake, Tideman, alimchagua yeye.

Habari yenyewe aliijua tangu jana. Filamu ndogo, fupi kuliko kidole gumba, ilikuwa imeibwa. Ndani yake mlikuwa na ramani ya nyaya za siri zilizolazwa chini ya bahari kusikiliza nyambizi za kigeni. Kachero mmoja alinong'onezwa kwamba filamu ingesafirishwa ndani ya amplifaya. Mjumbe alikuwa Mjerumani aitwaye Prien, aliyejifanya mwanamuziki. Saa tano angechukua mzigo. Saa saba angekuwa kwenye feri ya Trelleborg, akirudi kwao.

Baada ya hapo pwani nzima ingekuwa kiziwi.

Majken alifungua gazeti, akaliona tangazo.

Akaisoma namba mara mbili.

Namba ile ya simu aliijua kwa moyo tangu akiwa na miaka kumi na saba.

Alichukua bastola yake, Walther, akaipachika kiunoni. Akabana kirusha sauti ndani ya ukosi wa koti, na kipokezi kidogo sikioni. Akabeba gitaa.

Mvua ya Novemba ilikuwa ikinyesha kiubavu. Saa nne na dakika kumi alipita kwenye Volvo ya kijivu iliyoegeshwa mkabala na jengo la mwenye tangazo. Vijana wawili wa Kitengo walikuwa ndani wakijifanya kusoma magazeti.

Akapanda hadi ghorofa ya tatu, akabonyeza kengele.

Mlango ulifunguliwa na mzee mrefu aliyepinda mgongo, miwani imening'inia kifuani. Evert Sjöholm, mwenye namba ile. Wanamuziki wa nusu ya mji walimletea amplifaya zao zikifa, naye akazifufua.

"Majken!" Uso ulichanua, kisha ukafifia ghafla. "Umefuata nini?"

"Marshall, mzee wangu. Vidole vimeanza kuniwasha tena."

"Imeshauzwa."

"Tangazo ni la leo asubuhi!"

"Watu wana haraka siku hizi."

"Basi niijaribu tu. Au na kujaribu kumeuzwa?"

Mzee alicheka bila kutaka. Akampisha.

Karakana ilikuwa ileile. Moshi wa kulehemu, bisibisi zimepangwa ukutani kwa urefu, picha ya Stellan juu ya meza. Stellan alikuwa mwanawe wa pekee, mzamiaji. Miaka mitatu iliyopita alikufa kazini. Mzee aliletewa jeneza lililofungwa na barua ya mistari minne: ajali, baharini, pole. Baharini wapi, hakuna aliyemwambia.

Majken alichomeka gitaa, akapiga noti moja ya chini. Vioo vya dirisha vikatetemeka.

"Inaimba," alisema.

"Wewe ndiye umechuja. Kunywa kahawa uende zako."

Mzee alipoingia jikoni, Majken alizima mashine, akachomoa bisibisi na kufungua bamba la nyuma. Mkono wa kulia ulifanya kazi, wa kushoto ukabaki mfukoni, umeme usije ukavuka kifua. Evert mwenyewe ndiye aliyemfundisha hivyo: kwenye mikebe ya kuhifadhi umeme, hata ukichomoa waya, kifo hukaa ndani kikisubiri dakika kadhaa.

Mikebe mitatu. Ilipaswa kuwa miwili.

Wa tatu haukuunganishwa na kitu chochote. Aliuzungusha, ukafunguka. Filamu ikadondokea kiganjani. Akaitia kwenye soksi, akarudisha mkebe mtupu.

"Nilikufundisha vizuri mno."

Evert alikuwa mlangoni na sinia ya kahawa na mikate ya iliki. Vikombe viligongana.

"Kwa nini, mzee?" Majken aliuliza kwa sauti ya chini. "Walikupa nini?"

"Walinipa nini? Wewe unafikiri mimi ninauzwa?" Aliweka sinia chini. "Niliandika barua kumi na moja, Majken. Kumi na moja! Naulizia mwanangu alifia wapi, nikatupe shada la maua majini. Najibiwa kwamba ni siri. Halafu Prien anakuja, ananiambia Stellan alikuwa akilaza nyaya, na kwamba wao wanaweza kunionyesha mahali penyewe kwenye ramani. Nifiche kimkebe tu. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Majken alirudisha bamba haraka, akaanza kukaza skrubu.

Redio sikioni ikakoroma. "Kunguru, mgeni kawahi. Yuko ngazini."

Kengele ikalia.

Wakatazamana. Neno moja la mzee lingetosha kumuua Majken.

Evert alikwenda kufungua.

Prien alikuwa kijana wa miaka thelathini, nywele ndefu, koti la ngozi, viatu vya mwanajeshi. Macho yalikwenda moja kwa moja kwa Majken.

"Huyu nani?"

"Mnunuzi," Evert alisema. "Nimeshamwambia umemtangulia."

"Siondoki," Majken alisema, akijifanya amenuna. "Nakupa elfu tatu, bwana. Niachie mimi."

"Haiuzwi."

"Nne."

Prien alimtazama gitaa, akamtazama viatu. Kisha akaziona skrubu za bamba la nyuma. Mbili zilikuwa zimelegea.

Bastola aina ya Makarov ikatoka ndani ya koti.

"Ukutani, mama. Mikono juu. Mzee, nani kaifungua hii?"

"Mimi ni fundi," Evert alisema. "Unadhani nafungua kwa maombi?"

Prien alivuta waya wa umeme kwa mguu, ukachomoka. Akapiga magoti. Bastola katika mkono wa kushoto ilimwelekea Majken, mkono wa kulia ukang'oa bamba.

"Mkebe upi?"

Mzee alivaa miwani, akatazama ndani.

"Wa kati," Evert alisema. "Ushike vizuri."

Prien akaingiza mkono, kiwiko cha pili kimeegemea chuma cha fremu.

Mlio kama wa mjeledi.

Mwili ulirushwa nyuma hadi kwenye meza. Bastola ilifyatuka, risasi ikatoboa dari. Majken alikuwa ameshafika. Teke moja, Makarov ikateleza chini ya kabati. Teke la pili, Prien akalala kimya, mdomo wazi, anahema.

"Kunguru kwa Mnara. Mgeni kalala."

"Kifurushi?" Ilikuwa sauti ya Tideman.

"Ninacho."

"Na mzee?"

Majken alimtazama Evert. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, mikono magotini. Umri ulikuwa umemwangukia wote kwa mpigo.

"Mzee ametusaidia, Mkuu."

"Mzee alificha mzigo. Mlete."

Miguu ya vijana ilikuwa ikipanda ngazi mbiombio.

Majken aliingiza vidole kwenye ukosi, akazima kirusha sauti.

"Kråkskär," alisema. "Upande wa mashariki wa mwamba, kina cha mita thelathini na mbili. Mtungi wa Stellan ulijazwa hewa chafu. Alisinzia tu, mzee. Hakuhangaika."

Evert hakulia. Alirudia jina lile polepole, kama anayeonja kitu. Kisha akainua macho.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu wiki ileile aliyokufa. Faili niliandika mimi."

"Ulikuja mazikoni."

"Ndiyo."

"Ukaketi jikoni kwangu. Nikakumiminia kahawa. Nikakuuliza, Majken, wewe hufahamiani na mtu huko serikalini?"

"Ndiyo, mzee wangu."

"Usiniite hivyo."

Vijana waliingia. Mmoja alimfunga Prien pingu. Evert alivaa koti mwenyewe, akazima taa ya meza, akanyoosha mikono kabla hajaambiwa. Alipita mbele ya Majken kama anavyopita mtu mbele ya kabati.

Chini, mvua ilikuwa haijakatika. Tideman, aliyekuwa amefika sasa hivi, alishusha kioo cha gari lake.

"Kazi safi, Rosvall. Ila kirusha sauti chako kilikufa kama dakika mbili."

"Betri."

"Betri ni za leo asubuhi."

Majken aliinama, akatoa filamu kwenye soksi na kumdondoshea mapajani.

"Basi zifungulie faili, Mkuu. Ugonge mhuri wa siri."

"Panda gari."

"Nitatembea."

Alitupia gitaa begani, akavuka barabara katikati ya magari. Nyuma yake mlango wa Volvo ukafungwa, mzee akiwa ndani. Hakugeuka.