Karatasi Niliyoshindwa Kuipiga

—Jumamosi naaga bendi, —mwimbaji wetu aliniambia huku akikunja waya wa maikrofoni.

—Unakwenda wapi?

—Popote ambapo wewe haupo.

Nikacheka nikidhani ni utani. Yeye hakucheka.

—Miezi saba iliyopita nilikupa wimbo kwenye karatasi. Nikakwambia, ukiupenda upige mazoezini. Niliutunga kwa ajili yako. Ukapiga kila kitu isipokuwa huo. Basi, nimekuelewa.

Akatoka. Mimi na piano tukabaki, kama kawaida yetu.

Ngoja niseme kilichoniponza. Piano nilijifundisha mwenyewe, kwenye kinanda kibovu cha mjomba, nikiiga muziki wa jazi na soul wa redioni. Miaka tisa nilipiga kwenye hoteli, watu wakila huku wamenipa mgongo, mpaka bendi kubwa ikanichukua. Sikio langu hushika wimbo mara moja. Lakini nota za kusoma karatasini? Sijui hata moja! Karatasi niliziweka mbele yangu kwa urembo tu, na watu niliwakwepa wasije wakanigundua. Chumbani kwangu kulikuwa na sahani moja, kikombe kimoja.

Nikamtumia ujumbe: "Naomba nikupigie."

"Ya nini?"

"Dakika moja tu."

Akapokea.

—Sijui kusoma nota, —nikasema, hata salamu sikutoa.

—Unasemaje?

—Karatasi yako ninayo. Nimeitazama mpaka imechakaa.

—Si ungeniuliza, jamani!

—Ungejua mpiga piano wenu ni mbumbumbu.

—Miezi saba nalia, kumbe ni aibu zako tu! Una moyo wa aina gani wewe?

Alikuwa analia. Na mimi nililia, tusifichane.

—Niimbie, —nikamwomba.

Akauimba bila maneno, sauti ikikatikakatika. Ulikuwa wimbo mpole. Hakuna mtu aliyewahi kunitungia chochote.

—Rudia.

Akarudia.

—Tena.

Mara ya nne akasita.

—Wewe si hushika wimbo mara moja?

—Nimeushika tangu mara ya kwanza.

—Sasa mbona unataka niurudierudie?

—Ukimaliza utakata simu.

Nikamsikia akipenga kamasi, kisha mlango wake ukifungwa.

—Nielekeze kwako, —akasema. —Bendi nzima hakuna anayejua unakoishi.

Nikaanza kumwelekeza. Nilikosea njia mara mbili, maana sikuwa nimewahi kumwelekeza mtu.