Kilichowekwa Rafu ya Juu

Samani zote dukani zilikuwa baridi siku ile, maana mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Kabati moja tu lilikuwa na joto. Msusi aliligusa ubavuni, akahisi kama amegusa kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi.

"Linapigwa na jua la dirishani," muuzaji alisema upesi.

Dirisha lilikuwa upande wa pili wa duka, na jua halikuwapo.

Walikuwa wamekuja watatu: msusi, mume wake ambaye ni fundi saa, na mama mkwe wake, mwalimu mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Kengele, kwa sababu akimwita mtu jikoni, wa nyumba ya tatu naye aliitika. Walitaka kabati la vioo la kuwekea vyombo vizuri na picha za familia. Msusi alililenga lile la zamani, la mbao nyeusi, refu kuliko mume wake, lenye mlango unaofungwa kwa ufunguo wa shaba. Kengele alitaka jingine, dogo, la vioo vya kusukuma, lisilo na makuu. Fundi saa alitaka warudi nyumbani.

"Tazama vioo vyake," muuzaji alimwambia msusi. "Ukisimama kando utaona vina mawimbi kidogo. Hivyo ndivyo vioo vya kale. Vya siku hizi vimenyooka kama karatasi."

Kengele hakuwa mtu wa kuuziwa maneno. Alichungulia mgongoni kutafuta matundu ya dumuzi, akavuta droo, akafungua mlango na kuufunga mara tatu asikilize bawaba. Hakupata kasoro. Mwisho akaingiza kichwa ndani anuse mbao, akakitoa haraka.

"Linanuka waridi."

"Si vizuri, Mama?" msusi aliuliza.

"Waridi lililolala kwenye maji siku nyingi. Mwanangu, tuchukue lile dogo."

Msusi alisema, kwa sauti ya chini lakini ya kusikika, kwamba hata yeye anaishi katika nyumba ile. Fundi saa akamtazama mama yake, akamtazama mke wake, akalipia lile kubwa.

Kabati likawekwa sebuleni, kona inayotazama mlango wa baraza ambako msusi alisukia wateja wake. Siku tatu lilikaa tupu, likipumua harufu yake. Siku ya nne, saa za mchana, msusi akiwa katikati ya kichwa cha mteja na wengine wawili wakisubiri, Kengele akapaza sauti kutoka jikoni:

"Anasuka vichwa vya watu vinapendeza, na sufuria yake inaungua!"

Wateja walicheka. Msusi alicheka pia, kwa midomo tu. Walipoondoka alianza kupanga vitu kabatini, akivigonganisha kwa hasira. Vikombe rafu ya chini, sahani rafu ya kati, picha juu. Ya mwisho ilikuwa picha ya Kengele siku ya kustaafu, amevaa gauni la bluu, anatabasamu midomo imefungwa. Msusi aliiweka rafu ya juu, katikati kabisa.

"Kaa humo, Mama," aliinong'oneza. "Ututazame, ukae kimya."

Akafunga, akazungusha ufunguo. Ufunguo ulizunguka kwa urahisi, kana kwamba kuna mkono mwingine umeusaidia.

Kesho yake asubuhi nyumba ilikuwa kimya. Kengele alitoka chumbani, akafungua mdomo kusalimia, na hakikutoka kitu. Wakafikiri ni mafua. Hospitalini daktari alimmulika kooni, akampiga picha, akasema koo ni zima, sauti nayo ingepaswa kuwepo. Akawapa dawa ya kusukutua.

Dawa haikufanya lolote. Baada ya wiki Kengele akaanza jambo jingine. Kila jua likifika utosini alivuta kiti, akakaa mbele ya kabati, mikono magotini, mgongo umenyooka kama mtu anayepigwa picha, na hakusogea mpaka alasiri. Ukimgusa alikuwa baridi. Kabati lilizidi kuwa na joto.

"Mama alinyamaza mara tu mlipokwaruzana," fundi saa alimwambia mke wake wakiwa chumbani, hamtazami. "Sikutuhumu. Nauliza tu. Ulimpa nini?"

"Nimpe nini, mume wangu? Mimi?"

"Nauliza tu."

Lakini tangu siku ile yeye mwenyewe ndiye aliyempikia mama yake.

Basi ikafika mchana mmoja ambao hakukuwa na mteja hata mmoja, jua limesimama, kuku wamelala kivulini, na msusi akapita sebuleni na kikapu cha nguo, akasikia kitu kikigonga kioo, taratibu, kama kucha, na si kutoka nje bali kutoka ndani, na alipoinua macho akaona kwamba kwenye ile picha ya rafu ya juu, ambayo aliiweka kwa mikono yake ikiwa inatabasamu midomo imefungwa, mdomo ulikuwa wazi, wazi kabisa, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto, na alipotega sikio kwenye kioo kile chenye mawimbi, kilichomchoma kama pasi lakini asiweze kukibandua shavuni, akaisikia sauti ya mama mkwe wake, ndogo, ya mbali, kama redio ya jirani, ikimwita yeye, ikimwita mwanangu, mwanangu, nifungulie, huku Kengele mwenyewe amekaa kitini nyuma yake, baridi, bila kupepesa.

Aliuvamia ufunguo. Haukugeuka. Aliusokota mpaka kiganja kikatoa damu.

Fundi saa alimkuta pale sakafuni. Kwa mara ya kwanza hakuuliza kitu. Jioni ile ile alikwenda kumtafuta mganga.

Mganga alikuja kesho yake, mama wa makamo mwenye miwani, ameshika mfuko wa plastiki na simu ya kioo kilichopasuka. Kwanza aliizima simu. Kisha alilizunguka kabati bila kuligusa, akafukiza ubani, akaketi chini.

"Mwenye nyumba hii ya vioo," alisema, kama anabisha hodi kwa jirani. "Toa ulichoiba."

Midomo ya Kengele ikaanza kucheza. Sauti, hata hivyo, ilitoka kabatini.

"Sijaiba. Mimi ni mtunzaji. Nimewekewa."

"Nani kakuwekea?"

"Aliyefunga kwa ufunguo. Akasema akae, atazame, anyamaze. Nimemkalisha. Anatazama. Amenyamaza."

Fundi saa aligeuka polepole kumtazama mke wake. Msusi angeweza kukana, nani angeamini kabati? Lakini macho ya Kengele yalikuwa yamemwelekea, na yalikuwa yamejaa maji.

"Ni kweli," alisema. "Nilikuwa na hasira, Mama. Ulinicheka mbele ya wateja. Nilisema kama mzaha, lakini haukuwa mzaha."

"Mdai sasa," mganga alimnong'oneza. "Umeweka kwa maneno, dai kwa maneno."

Msusi alishika ufunguo kwa mkono uliofungwa kitambaa. "Namtaka mama yangu."

"Na kelele zake?" kabati liliuliza.

"Na kelele zake zote."

Ufunguo ukazunguka. Harufu ya waridi bovu ikawamwagikia mpaka wakakohoa. Msusi aliingiza mkono kwenye lile joto, akaishika picha, na kitu kikaishika upande wa pili.

"Na mimi nibaki na nini?"

"Asijibu mtu!" mganga alisema.

Lakini fundi saa alikuwa amekwisha kusema, huku analia: "Baki na chochote, ila tuachie mama yetu!"

Picha ikaachiliwa. Kengele akavuta pumzi ndefu, akapiga ukelele uliowatoa majirani nje.

Mganga hakufurahi. Aliagiza kabati litolewe siku ile ile, na mbao zake zikachomwa nje ya mji. Akiwa mlangoni alimwambia fundi saa, "Baba, wewe hukupima neno lako. Sijui amechukua nini." Akawasha simu yake, akaenda.

Zikapita siku nyingi bila kitu. Kengele alirudi kuwa Kengele. Aliwakemea wachuuzi, akasahihisha Kiswahili cha wateja, ila hakumcheka tena mke wa mwanawe mbele ya watu, na msusi naye alizoea kumsuka yeye kwanza kila Jumamosi. Kuhusu yale maneno ya rafu ya juu walizungumza mara moja tu.

"Hata mimi nimewahi kumwombea mabaya mama mkwe wangu," Kengele alisema. "Mimi nilibahatika tu, sikuwa na kabati."

Alasiri moja walikuwa wawili jikoni, msusi anachambua mchele, Kengele anamenya vitunguu. Fundi saa alikuwa chumbani na saa ya mteja. Kutoka sebuleni, kwenye kona iliyobaki tupu, sauti ikaita. Ilikuwa sauti ya Kengele, ile ile, kubwa, ya upendo.

"Mwanangu! Hebu njoo."

Msusi alimtazama mama mkwe wake. Kisu kilikuwa kimesimama katikati ya kitunguu. Midomo ya Kengele ilikuwa imefungwa.

"Mwanangu, njoo mara moja."

Kengele aliweka vidole vyake vyenye harufu ya kitunguu juu ya mdomo wa msusi. "Usiitike," alinong'ona. "Hata akilia. Usiitike."

Wakakaa hivyo, wameshikana, hawapumui. Kisha wakasikia kiti kikisogezwa chumbani, na nyayo, na fundi saa akiitika kama mtoto aliyelelewa vizuri:

"Naam, Mama. Nakuja."