Oili ya Gari la Mkunga

Kila Jumamosi kazi ya Kiberiti katika gereji ya mama yake ilikuwa ileile: kufagia, kupanga spana, kisha kubadilisha oili ya gari moja. Jina hilo alipewa na mama mwenyewe, kwa sababu msichana huyo wa miaka kumi na miwili aliwaka upesi. Mama naye hakuwa na haki ya kumcheka. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Gereji ilikuwa na sheria moja. Kabla ya kufungua kopo, soma kitabu cha gari. Ukimaliza kumimina, andika aina ya oili kwenye kadi, uifunge kwa waya chini ya boneti. Gari likirudi, mama hakuuliza mtu. Alisoma kadi akaiamini.

Jumamosi hiyo timu ya Kiberiti ilikuwa na mechi ya mpira wa pete, naye ndiye mfungaji wao. Mama alikataa katakata.

"Gari la mkunga linatoka alfajiri kila siku. Kazi kwanza. Kitabu chake kinataka oili nyepesi ya sinthetiki, na nimeshaichukua dukani kwa Mzee Kopo."

"Kila siku kazi, kazi, kazi!"

"Ongeza sauti, majirani hawajasikia."

Mama akaenda mbele kumhudumia mteja. Kiberiti alimwaga oili chafu kwenye beseni, akafunga filta mpya, akafungua kopo. Mara filimbi ikalia kutoka uwanjani. Hasira zikampanda, akalipiga teke beseni. Beseni likagonga kopo, kopo likaanguka, na nusu ya oili ikanywewa na mchanga kabla hajaliinua.

Hasira zikamtoka, ikaingia hofu. Pembeni palikuwa na pipa la oili nzito ya malori ya zamani. Alimimina sinthetiki iliyobaki, akachota ile nzito, akajazia mpaka kijiti cha kupimia kikaonyesha kiasi kinachotakiwa. Oili ni oili, alijiambia. Kisha akaandika kwenye kadi, kwa mwandiko wake mzuri: "Sinthetiki 5W-30."

Jumatano mkunga alirudi amefura.

"Fundi, umenifanyia nini? Asubuhi za baridi injini inagonga, na taa ya oili inachelewa kuzima! Jana nimeitwa kwa mama mwenye uchungu, nikaogopa kuzimikiwa njiani. Nimekwenda kwa miguu. Nimefika mtoto ameshazaliwa, hakuna wa kumpokea ila mdogo wake yule mama. Wako salama, bahati yao, na bahati yako!"

Mama alichomoa kijiti, akaisugua oili kwa vidole. Ilikuwa nzito. Akasoma kadi, na uso ukamwiva kwa hasira.

"Kadi inasema sinthetiki. Basi Mzee Kopo ameniuzia oili feki!"

Alivuka barabara kwa hatua ndefu, Kiberiti akimkimbilia nyuma. Dukani hakusalimia.

"Mzee mzima na mvi zako, unauza uchafu kwenye kopo zuri?"

Mzee Kopo aliinuka. "Miaka ishirini nakuuzia oili, fundi. Leo unaniita mwizi mbele ya wateja wangu?"

Wateja wawili walirudisha makopo kwenye rafu. Mmoja akaanza kuelekea mlangoni. Kiberiti alipoona hivyo, hasira zikampanda tena, ila safari hii alijichukia mwenyewe.

"Mama, acha! Ni mimi! Niliimwaga, nikajazia ya malori. Kadi niliiandika uongo."

Mama alimtazama binti yake. Kisha akawageukia wateja.

"Tafadhali msiondoke. Nimemtukana mzee mkiwepo, nitamwomba radhi mkiwepo. Nisamehe, mzee. Sikuuliza, niliwaka tu."

"Nitakusamehe," alisema Mzee Kopo, "lakini leo niache nikasirike."

Jioni hiyo mama na binti walimwaga oili yote na kumimina sinthetiki mpya. Alfajiri walikwenda kwa mkunga kusikiliza injini ikiwashwa ingali baridi. Taa ilizima mara moja. Hakuna kilichogonga.

"Injini hii ina njia nyembamba," mama alisema. "Kwenye baridi oili nzito inajikokota, vyuma vinasagana vikavu. Lakini hilo tumelirekebisha. Kumwaga kopo ni ajali, na hasira umezirithi kwangu. Wote wawili tuna kazi ya kuzifungia breki. Kadi je? Niliisoma nikakuamini, nikamvunjia heshima mtu asiye na kosa. Oili mbaya tumeimwaga. Uongo ulioandika, ningeumwaga wapi?"

Mama akampa kadi tupu, kalamu na kopo walilotumia jioni ile.

"Ukikasirika, njoo unipigie kelele mimi, nitavumilia. Lakini ukishika kalamu, mwanangu, andika kweli. Kuna mtu atasafiri kwa maneno yako."

Kiberiti alisoma kitabu cha gari, akasoma kopo, ndipo akaandika.