Vidonge Vitatu kwa Siku

Gaonyadiwe Ramosu alikutwa amelala kifudifudi jikoni kwake, kijijini Mokgware, uji wa mtama umeungulia motoni. Hakuwa na jeraha, wala mlango haukuvunjwa. Jambo moja tu lilimshangaza Inspekta Kelebonye Matlhaku, mwanamke aliyepewa kesi hiyo: kiganjani marehemu alikuwa amefumbata chumvi.

Majibu ya uchunguzi wa maiti yalitoka siku ya tatu. Daktari alieleza kwamba tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo za mama huyo zilikufa miaka tisa iliyopita. Tangu hapo uhai wake ulikuwa kidonge kimoja kila asubuhi. Akikikosa, figo humwaga chumvi ya mwili, potasiamu hupanda kwenye damu, na mwishowe moyo husimama. Maji ya jicho la maiti yalionyesha sodiamu, chumvi hiyo ya mwili, ilikuwa imeshuka vibaya.

"Kwa hiyo aliacha dawa," Inspekta alisema.

"Hakuacha. Alimeza mpaka siku aliyokufa." Daktari aliisukuma chupa mezani. "Lakini hivi si vidonge vyake. Hii ni kalsiamu, ya mifupa. Kuna mtu amebadilisha."

Chupa ilikuwa imetoka zahanati wiki tano nyuma, imefungwa, ina vidonge mia. Muuguzi alionyesha daftari: aliyeichukua ni Ontefetse, kaka wa marehemu. Magoti ya Gaonyadiwe yalikuwa mabovu, na kaka ndiye aliyemfuatia dawa miaka yote.

Inspekta hakuona sababu. Marehemu aliacha chumba cha mabati na kuku sita. Ndugu hao hawakuwahi kukosana. Msibani Ontefetse alilia mpaka akashikiliwa na wanaume wawili.

Alizunguka kwa majirani siku nzima bila kupata kitu, mpaka alipofika kwa Mma Dikgang, yaani Mama Dikgang, mwanamke mwenye ulimi mkali.

"Labda dawa alikunywa mbwa wa kaka mtu," Mma Dikgang alisema akicheka. "Mwezi wa tisa tulishamchimbia kaburi yule Denja. Leo ananikimbizia kuku."

Inspekta hakucheka. Alimshukuru, akaondoka moja kwa moja kwenda mjini Palapye kwa daktari wa mifugo.

Daktari alimkumbuka Denja vizuri. Aliletwa akitapika, miguu haimbebi, na kila mtu alidhani figo zimekwisha. Kipimo cha damu kikasema vingine: potasiamu juu, sodiamu chini. Figo zilikuwa zimekaukiwa maji tu. Ubovu ulikuwa kwenye tezi za juu ya figo. Dawa ingeagizwa nje, ingechukua miezi miwili, na mbwa asingefika huko. Alimshauri mwenye mbwa akubali achomwe sindano ya kumpumzisha milele. Mwenyewe alikataa, akaomba atajiwe jina la dawa. Inspekta alilitambua: ndiyo dawa ya marehemu.

Walikwenda Mokgware pamoja, wakachukua damu ya mbwa. Majibu yalikuwa safi.

"Ugonjwa huu hauponi wenyewe, Mma," daktari alimwambia Inspekta. "Huyu analishwa dawa kila siku."

Ontefetse alikuwa ameketi mlangoni, mkono juu ya shingo ya Denja. Macho yake yalikuwa yamebakiza kuona vivuli tu. Inspekta alivuta kigoda, akaketi karibu naye.

"Rra," alimwita kwa heshima, "Denja anakula vidonge vingapi kwa siku?"

Mzee aliikuna shingo ya mbwa.

"Vitatu," alisema.

"Vya dada yako?"

"Ndiyo. Kwake niliweka vyangu vya mifupa. Nilianza na kimoja. Hakuinuka. Nikampa viwili. Kwa vitatu alisimama, Mma, akaninusa mkono. Ningemwambiaje alale tena?"

"Uliona dada yako anakufa."

"Niliona anachoka. Alisema anatamani chumvi, nikawa nampelekea chumvi. Nilidhani itamshikilia mpaka chupa nyingine itoke." Alijifuta uso kwa kiganja. "Bila huyu mbwa sifiki bombani. Sifiki hata kwa dada. Ningekaa humu ndani peke yangu, nasubiri kufa."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Kwa sababu angenipa." Alimvuta Denja karibu. "Angenipa vyote, na mimi ningevipokea."

Inspekta alimsomea haki zake, akamweleza kwamba anamkamata kwa kifo cha Gaonyadiwe Ramosu. Mzee alimwelekeza kwenye kopo chini ya mto wa kulalia, kisha akauliza kama Denja anaweza kupewa vyake vya jioni.

Vilibaki saba. Inspekta alivihesabu mara mbili, akavitia kwenye bahasha ya vielelezo, akaifunga kwa lakiri na kuitia sahihi. Daktari wa mifugo aliinamisha kichwa. Alijua ni siku ngapi mbwa anaweza kukaa bila hivyo, na Inspekta hakumuuliza.

Ontefetse alisimama, akapapasa kamba ya mbwa ukutani. Denja alitangulia kama kawaida yake, akamkwepesha mawe na mti ulioanguka, akamfikisha salama kwenye mlango wa gari la polisi.