Fundi Cheche Akataa Kujificha Stoo

Fundi Cheche alichomelea vyuma katika karakana ya mageti. Alikuwa mgeni nchini. Serikali ilimpa kibali cha kazi kwa sababu ya ufundi huo, na kibali hicho ndicho kilichowaweka nchini humo mkewe na mapacha wao.

Cheche hakuweza kukaa bure. Akimaliza geti, alipakia lori. Akimaliza lori, alifagia. Wenzake walimtania kwamba iko siku atampigia pasi tajiri wao, mwenye karakana. Tajiri alizoea vya bure, mwisho akamtoa kabisa kwenye vyuma na kumweka kwenye mizigo.

Kisha serikali ikaanza kutuma wakaguzi. Ilitaka fundi afanye ufundi, asigeuzwe punda. Nia ilikuwa njema, lakini tajiri aliogopa faini. Wakaguzi walipokuja, aliwafungia mafundi wageni stoo, akasema hawapo. Basi ikahesabiwa kwamba Cheche ameacha kazi. Akaonywa: asipoonekana ukaguzi ujao, kibali kitafutwa.

Cheche alichanganyikiwa. Mkewe hakungoja. Alimwita jirani yao muuguzi, naye mgeni mwenye kibali kama wao.

"Shemeji, ukaguzi ule ni wa kukulinda wewe," muuguzi alisema. "Ukijificha, unamlinda tajiri."

"Nikisema ukweli atanifukuza. Nitakwenda wapi na watoto?"

Muuguzi alisema kila nchi ina sheria zake, kwa hiyo wasikisie, wakaulize ofisi ya kazi. Kesho yake walikwenda wote watatu. Wakaambiwa kwamba fundi akipewa kazi isiyo ya kibali chake, atoe taarifa mwenyewe. Akifukuzwa kwa ajili hiyo, atapewa muda wa kutafuta mwajiri mwingine.

"Basi stoo siingii tena," Cheche alisema.

Wakaguzi waliporudi, tajiri alimwonyesha mlango wa stoo kwa kidevu. Cheche aliogopa. Hata hivyo alibaki uani, bomba la chuma begani.

"Fundi wa kuchomelea ni mimi," aliwaambia wakaguzi. "Hii siyo kazi iliyonileta."

Tajiri alitozwa faini, akaamriwa kuajiri wapakiaji. Hakuthubutu kumfukuza Cheche, maana mageti yalikuwa yamelundikana na mafundi wa kuyachomelea walikuwa wachache. Kibali kikabaki.

Jioni ile Cheche alirudi na shati lililotobolewa na moto wa kuchomelea. Kwa miezi mingi halikuwa na tundu jipya. Mkewe aliligusa, akafurahi mpaka machozi yakamtoka. Kisha akampa ufagio.

"Hapa nyumbani," alisema, "kibali chako ni cha kazi zote."