Kadi za Melkizedeki

Asubuhi hiyo mlima Meru ulikuwa umejifunika mawingu mpaka mabegani, na baridi ilikuwa kali. Nashipae alikuwa akipenya katikati ya watu sokoni Kilombero, kitenge cha zambarau kiunoni, sweta nyeusi ya msiba bado mwilini ingawa mwaka ulishapita. Mwenye mkokoteni akapiga mluzi. Nashipae akaruka pembeni, akagonga meza ya mtu, na bahasha aliyoshika ikapasuka.

Kadi zikamwagika chini.

"Pole, dada! Simama hapohapo, usizikanyage!"

Mwenye meza alishapiga magoti. Aliitwa Gadiel, muuza sarafu na stempu za zamani, mrefu, shati limenyooshwa vizuri. Aliinua kadi ya mchezaji mpira mwenye nywele nyingi. Mgongoni mwa kadi gazeti lilikuwa limeganda kama gamba.

"Hizi zilikuwa zikitoka kwenye pakiti za bablishi tulipokuwa watoto. Nani kazibandika kwa gundi ya viatu?"

"Marehemu mume wangu. Baba yake alikuwa fundi viatu. Alizibandika ukutani juu ya magazeti, na nyumba ilipobomolewa akazibandua na magazeti yake."

"Pole sana."

"Nimeshapoa. Wifi yangu Hope anataka ndugu wagawane. Ila zilivyo, nani atazipokea?"

"Niachie. Ukirudi utazikuta zimenyolewa."

Nashipae akacheka. Kisha akaziba mdomo haraka na kutazama nyuma, kana kwamba kuna mtu amemsikia.

Simu za Gadiel zikaanza.

"Nashipae, kipa wako amepona."

"Kipa yupi?"

"Mwenye sharubu. Anakuulizia."

"Kipa ndiye anayeniulizia, au ni wewe?"

"Kipa ana aibu. Kanituma mimi."

Kazi Gadiel aliifanyia nyumbani kwake Sombetini, kadi moja moja, tena kwa kuchelewa makusudi, maana kila kadi ilimleta Nashipae mezani kwake sokoni, na chai ya tangawizi ikanywewa. Watu wa soko wakaanza kumwita shemeji. Hakuwakataza.

Siku moja Gadiel akaamua kumwonyesha kazi yenyewe. Alilaza kadi kifudifudi, akafungua chupa ndogo iliyokuwa ya dawa ya macho, akadondosha tone juu ya gazeti. Gazeti likalainika.

"Maji yanaharibu kadi. Petroli inakula gundi tu, halafu inakauka." Akamshika mkono. "Nashipae, mpenzi, nataka nije kwenu nijitambulishe."

Lakini harufu ilishamfikia. Melkizedeki, marehemu mumewe, alikuwa dereva wa bodaboda. Kila jioni koti lake liliingia na harufu hiyo kabla hajavua buti mlangoni. Hata siku walipomleta amekwisha, tangi lilikuwa limemmwagikia kifuani. Na tangu azikwe, kuna jioni harufu ileile hujaa chumbani kwake Sokon One, milango imefungwa. Nashipae hushika Biblia, husoma zaburi kwa sauti, wala hageuki.

Aliuchomoa mkono wake, akaondoka bila kuaga.

Gadiel alipiga simu, haikupokelewa. Mwishowe akaandika ujumbe: "Nimeelewa. Samahani kwa kukuharakisha. Kadi zako utazipata."

Hope alimkuta wifi yake ameukodolea macho ujumbe huo.

"Kakukosea nini?"

"Ananukia kama kaka yako."

Hope akakaa. "Kaka alinuka petroli mpaka kwenye kwaya. Wenzake wa besi walimsogezea benchi la dirishani." Akacheka, akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. "Umemwambia huyo mtu?"

"Nimwambie nini? Kwamba nikikaa naye tunakuwa watatu?"

"Mwambie hivyohivyo."

Nashipae akapiga simu. "Gadiel, sikukukimbia wewe. Niliikimbia chupa." Akamweleza yote. Gadiel akajibu, "Asante kwa kuniambia."

Jumapili baada ya ibada, Nashipae na Hope walikwenda Sombetini. Hope akabaki barazani. Ndani, Gadiel alikuwa amekunja mikono ya shati mbele ya jiko la mkaa, sufuria inachemka, kadi ameishikilia juu ya mvuke. Ilikuwa imevimba kama andazi, na gazeti halijabanduka.

"Mwenye nywele nyingi! Umemuua!"

"Nimemuua," alisema Gadiel kwa unyonge. "Mvuke hauiwezi gundi hii. Ila angalau harufu hakuna."

Nashipae akamtazama. Mtu huyu, asiyeruhusu hata vumbi litue kwenye stempu, alikuwa tayari kuziharibu kadi zote mradi yeye asiogope. Juu ya kabati akaiona chupa, imeviringishwa katika mifuko mitatu. Akaifikia.

"Acha, mama," alisema Gadiel.

"Toa jiko nje kwanza, utatuunguza."

Jiko likatoka. Nashipae akafungua chupa. Harufu ikapanda, na nyuma yake, mlangoni, akasikia kama mtu anavua buti. Alimjua. Midomo ikaanza zaburi, ikanyamaza.

"Una uhakika?" Gadiel aliuliza.

"Sina. Ila nataka siku moja niisikie harufu hii nyumbani, nigeuke, nikukute wewe."

Akageuka. Mlango ulikuwa wazi. Hakukuwa na mtu, ila viatu vya Gadiel vilivyopangwa sawasawa.

Akampa chupa. "Dondosha," alisema, akivua sweta nyeusi. "Nitabandua mwenyewe. Na Jumamosi baba atakuwepo nyumbani. Njoo."